Unasafiri na Watoi Nje ya Kenya? Panga Makaratasi Kabla Hujapanga Nguo

Saa kumi na moja asubuhi, mwezi wa Aprili. Niko uwanja wa ndege na mabegi matatu, kigari cha mtoto na usingizi wa kufa mtu. Sistangu ako mbele na watoi wake wawili, msichana wa miaka 5 na kijana wa miezi 20. Tunaenda Joburg kuona mathe. Mathe amepiga kazi huko miaka sita sasa. Huyo mdogo hajawahi kumbeba hata siku moja. Wanajuana tu kwa video za WhatsApp, hadi simu ya mtu yeyote ikiwaka, mtoi anasema "shosh".

Dada wa kaunta akachukua pasipoti zetu nne, akaziangalia pole pole, kisha akauliza kwa upole kabisa:

"Baba ya watoto ako wapi?"

"Hako. Tuliachana," siz akasema.

"Sawa. Barua yake ya kuruhusu wasafiri iko?"

Haikuwa. Hata hatukujua kuna kitu kama hicho. Tukaomba, tukaeleza, tukapiga simu ya buda yao mara kumi na haikushikwa. Ndege ikapaa bila sisi. Tiketi zilikuwa zaidi ya laki na nusu, na hiyo ilikuwa doo ya ovataimu ya mathe. Tulirudishiwa kitu kidogo sana. Kwa gari tukirudi mtaani, huyo msichana akauliza, "Kwani Joburg imefungwa?" Hakuna mtu alimjibu.

Siandiki hii kulalamikia mtu. Makosa yalikuwa yetu. Nguo tulipanga wiki tatu, makaratasi tukapanga jioni moja. Agosti tulirudi tukiwa tumejipanga na tukapita fiti. Kwa hivyo kama una mtoi na unapanga kuvuka mpaka, iwe ni Joburg, Dubai au kwa anti yako London, soma hii kabla hujalipa tiketi.

Kwa nini wanauliza baba?

Wasee wengi hudhani huo ni umbea. Sio umbea. Mtoto hawezi kujiongelea mpakani, na kuna watu huiba watoto. Kuna walanguzi, halafu kuna wazazi waliokosana, mmoja anabeba mtoi anahepa nchi bila mwenzake kujua. Kenya tuna sheria ya kupambana na ulanguzi wa watu tangu 2010, na maafisa wa uhamiaji wanatakiwa kuwa macho.

Halafu kuna Katiba. Ibara ya 53 inasema baba na mama wana jukumu sawa la kumtunza na kumlinda mtoto, wawe wameoana au la. Ukiisoma vizuri inamaanisha kuachana na mtu hakumfuti kama mzazi. Hata kama ni wewe unalipa fees, unanunua daipa na kulala Kenyatta mtoi akiwa mgonjwa, kwa karatasi bado mko wawili.

Afrika Kusini nao wako strikti zaidi. Mwaka wa 2015 waliweka sheria kwamba mtoto yeyote chini ya miaka 18 aje na cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote, na akija na mzazi mmoja, awe na ruhusa ya yule mwingine. Baadaye walilegeza kidogo kwa wageni, lakini wanaweza kukuuliza hizo karatasi wakati wowote. Na shirika la ndege linajua kwamba ukikataliwa kule, wao ndio watakurudisha. Ndio maana wanakukagua huku kabla hujapanda.

Kitu kilitudanganya ni hiki: tangu Januari 2023, Mkenya haitaji visa kuingia Afrika Kusini, anakaa hadi siku 90 kwa mwaka. Tukaona rahisi. Lakini visa huwa na faida moja, ubalozi hukuitisha kila karatasi mapema. Bila visa, mtu wa kwanza kuangalia makaratasi yako ni dada wa kaunta, saa mbili au tatu kabla ya ndege kuondoka. Hapo huna mahali pa kukimbilia.

Na kuna hii nyingine. Siz alikuwa anasema, "Lakini buda yao alisaini wakati tulikuwa tunatafuta pasipoti!" Kweli, alisaini. Pasipoti walitengeneza wakiwa bado pamoja. Lakini ruhusa ya pasipoti si ruhusa ya safari. Hizo ni karatasi mbili tofauti.

Barua yenyewe inakaa aje

Usiandike kwa daftari halafu usaini na kalamu ya mtoto. Inafaa iwe afidaviti, yaani hati ya kiapo, iliyosainiwa mbele ya wakili ambaye ni kamishna wa viapo. Tao wamejaa, na hiyo kazi haichukui siku nzima. Ndani iwe na:

- Jina kamili la mzazi anayetoa ruhusa, nambari ya kitambulisho na nambari ya simu inayoshikwa.
- Majina ya watoto, tarehe za kuzaliwa na nambari za pasipoti zao.
- Nani anasafiri nao, wanaenda wapi, wanaondoka lini na wanarudi lini.
- Mahali watakaa na nani atawapokea.

Ambatanisha kopi ya kitambulisho au pasipoti ya huyo mzazi. Barua iwe ya juzi juzi, usibebe ya mwaka jana. Kisha beba vyeti vya kuzaliwa vya watoi, vile halisi. Hivyo ndio vinaonyesha wewe ni nani kwao, hasa kama jina lako la mwisho na la mtoto hazifanani. Kwetu hazifanani kabisa.

Na kama huyo mzazi mwingine hayuko? Inategemea hayuko aje:

- Kama alifariki, beba cheti cha kifo.
- Kama korti ilikupa mtoto peke yako, beba oda ya korti.
- Kama jina lake halijawahi kuwa kwa cheti cha kuzaliwa, beba hicho cheti na afidaviti yako mwenyewe ukieleza kwamba wewe ndiye mlezi pekee.
- Kama yuko lakini amekataa, au alipotea na hakuna anayejua ako wapi, anza na afisa wa watoto wa eneo lako au wakili. Inaweza kubidi muombe ruhusa korti ya watoto. Hiyo si kazi ya wiki moja, kwa hivyo usikate tiketi kwanza.

Sasa niwaambie ukweli. Kwa siz hii ndio ilikuwa ngumu kuliko zote. Hawakuwa wameongea na huyo msee karibu mwaka. Alikaa na hiyo simu wiki nzima. Mara aseme safari iachwe tu, mara aseme mathe aje mwenyewe, na tunajua mathe hawezi kupata likizo ya hivyo. Mwishowe akatuma meseji fupi, bila matusi, bila stori ya zamani: "Watoto wanataka kuona nyanya yao. Nahitaji saini yako. Wakili nitalipa mimi." Jamaa akajibu siku hiyo hiyo. Wakakutana tao Jumanne, akasaini, akauliza kama mdogo ameanza kuongea, akaenda. Dakika ishirini tu, na hizo ndizo zilikuwa zimetukosesha Aprili yote.

Kwa hivyo usiogope kuuliza. Uliza mapema, andika vizuri, na usichanganye na madeni ya penzi.

Sindano ya homa ya manjano

Kenya iko kwa orodha ya nchi zenye homa ya manjano. Ukitoka hapa, Afrika Kusini wanataka kadi ya chanjo kwa kila mtu kuanzia mwaka mmoja kuenda juu. Nchi nyingine nyingi ziko hivyo, kwa hivyo angalia ile unaenda.

Mambo matatu ya kujua:

Ya kwanza, sindano hupeanwa kuanzia miezi 9. Usidhani mtoi wako alidungwa kliniki. Hapa Kenya chanjo hii iko kwa ratiba ya kawaida ya watoto katika kaunti chache tu, kama Baringo na Elgeyo Marakwet. Mtoi wa Umoja au Kayole kuna uwezekano mkubwa hajaipata. Fungua kitabu cha kliniki uangalie.

Ya pili, kadi inaanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano. Ukidungwa Jumatatu na unasafiri Ijumaa, hiyo kadi ni mapambo.

Ya tatu, tangu 2016 kadi ni ya maisha. Ukishadungwa, weka kadi salama, hutarudia.

Ukienda kwa hiyo sindano, beba kitabu cha kliniki na uambie daktari kama mtoi ana alaji ya mayai au anaugua kitu. Na ukirudi nyumbani piga kopi ya hicho kitabu. Mtoto akiugua ugenini, daktari atataka kujua alidungwa nini na lini.

Tiketi: mtego wa birthday ya pili

Mtoi chini ya miaka 2 hukaa mapajani na mara nyingi hulipa kama asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Akifika miaka 2 anahitaji kiti chake, na hicho kiti si bei ya mchezo.

Mtego ni huu: wanaangalia umri wake siku ya kila ndege, si siku ulikata tiketi. Aprili mdogo wetu alikuwa miezi 20, tukalipa nauli ya mapajani kuenda na kurudi. Agosti alikuwa anafikisha miaka 2 tukiwa huko huko. Kuenda alikaa kwa siz, kurudi tukalazimika kumlipia kiti. Hatukuwa na hiyo kwa bajeti. Piga hesabu ya birthday kabla hujachagua tarehe.

Kama mtoi bado ni mdogo kabisa, ulizia kile kitanda kidogo cha kushikizwa ukutani mbele ya viti vya kwanza. Viko vichache na vina kikomo cha uzito, kwa hivyo omba siku ile unakata tiketi. Uliza pia kuhusu kigari. Mashirika mengi hukubali ukisukume hadi mlango wa ndege bila kulipa. Na hakikisha viti vyenu viko pamoja. Usiache mambo ya viti hadi asubuhi ya safari halafu uanze kubembeleza wageni wabadilishane.

Begi la mkono: pakia kama ndege itachelewa

Begi kubwa linaenda chini ya ndege, hutaliona hadi mwisho. Kwa hivyo vitu vya mtoi viwe kwa begi la mkono, na vya kutosha kama ndege itachelewa masaa sita.

- Daipa: hesabu moja kwa kila masaa mawili au matatu, kisha ongeza nne.
- Nguo za kubadilisha za watoi, NA fulana moja yako. Mtoi akitapika hatapiki juu yake tu.
- Maziwa, uji wa flaski na maji. Ile sheria ya maji yasizidi mililita 100 huwa inaachia chakula cha mtoto na dawa, kwa kiasi cha safari. Vitoe nje ukifika kwa mashine ya kukagua, umwambie afisa mapema. Usingoje avipate mwenyewe.
- Dawa: syrup ya paracetamol, ORS na kipimajoto. Dozi ya paracetamol huenda na kilo za mtoto, kwa hivyo mpime kabla ya safari. ORS changanya na kiasi cha maji kilichoandikwa kwa pakiti, usikisie.
- Mchezo mmoja mpya ambao hajawahi kuona. Uufiche hadi mkae kwa ndege.
- Folda ya makaratasi. Hii haiendi kwa begi la chini hata iweje. Piga picha kila karatasi, uweke kwa simu na ujitumie kwa barua pepe.

Kuna msee lazima atakuambia, "Mpe Piriton alale." Usijaribu. Kuna watoto hizo dawa huwafanyia kinyume, badala ya kulala anakuwa na moto wa ajabu, na uko futi elfu thelathini juu bila pa kushukia. Pia dozi mbaya ni hatari. Kama daktari hajasema, acha.

Na zawadi za shosh? Usibebe parachichi, managu wala nyama. Afrika Kusini wanataka kibali kwa matunda, mboga na nyama kutoka nje, na bila kibali vitaishia kwa pipa. Sisi tulibeba majani chai ya pakiti, mathe akafurahi kama amepewa shamba.

Siku yenyewe

Fika mapema, masaa matatu kabla. Ukienda JKIA kumbuka kuna ukaguzi njiani kabla ya kufika jengo lenyewe, na mnaweza kuambiwa mshuke. Mtoi aliyelala anaweza kuamka hapo. Mvalishe viatu rahisi kutoa na kuvaa.

Watoi wanalia kwa ndege kwa sababu ya masikio. Hewa ikibadilika, hasa ndege ikishuka, inabidi ule mrija mdogo wa ndani ya sikio ufunguke ndio presha isawazike. Wa mtoto ni mwembamba, hauachilii haraka. Dawa yake ni kumeza. Kwa hivyo nyonyesha, mpe chupa au kitu cha kunyonya ndege ikipaa na ikianza kushuka. Rubani akitangaza mnashuka na mtoi amelala, muamshe. Najua inauma, lakini afadhali aamke na chupa kuliko aamke na maumivu.

Nairobi hadi Joburg ni kama masaa manne. Masaa mawili ya kwanza watoi hufurahia dirisha. Ya mwisho ndio hugeuka kazi. Weka ile michezo na snaki nzuri za hapo, usimalize kila kitu mkiwa bado juu ya Tanzania.

Ukitua

Agosti ni baridi kule. Mchana kuna jua, lakini asubuhi na usiku unaweza kuona umande umeganda. Beba sweta nzito na soksi, na moja ya kila mtoi iwe kwa begi la mkono. Saa zao ziko nyuma yetu kwa saa moja tu, kwa hivyo usingizi hausumbui sana.

Plagi zao si kama zetu. Zina vyuma vitatu vya duara, vinene. Chaja yako haitaingia, nunua adapta kabla.

Gari nayo: sheria yao tangu 2015 inasema mtoto chini ya miaka 3 akae kwa kiti cha mtoto cha gari. Mwambie anayewachukua aazime au akodishe. Na kama mtaenda Kruger kuona wanyama, ujue upande huo kuna malaria. Joburg yenyewe haina. Ukirudi na mtoi apate homa, mpime malaria na umwambie daktari mlikuwa wapi.

Mkirudi Kenya, hizo mifuko za plastiki za madukani ziache huko. Marufuku yetu ya 2017 bado iko, hata kwa mizigo ya wasafiri.

Kalenda ya haraka

Miezi 3 kabla: pasipoti ya kila mtoi kupitia eCitizen (mtoi hasafiri kwa pasipoti yako), vyeti vya kuzaliwa, na ile simu ngumu ya mzazi mwenzako.

Mwezi 1 kabla: sindano ya homa ya manjano, bima ya safari, tiketi na viti.

Wiki 2 kabla: afidaviti kwa wakili, kopi za kila kitu, adapta, kiti cha gari.

Siku 2 kabla: SASA ndio upange nguo.

Ilivyoisha

Agosti tulirudi kwa kaunta. Dada mwingine, swali lile lile: "Baba yao ako wapi?" Siz hakujibu. Alifungua folda tu. Dada akasoma, akalinganisha majina, akagonga pasipoti za watoi. Kule Joburg afisa naye akaiitisha, akaisoma nusu dakika, akasema karibuni.

Mathe alikuwa amesimama nje na koti mbili za watoto mkononi. Mdogo alimwangalia, akaangalia simu ya siz, akamwangalia tena. Hakusema kitu. Alikubali kubebwa baada ya saa moja hivi, akamlalia begani hadi nyumbani.

Kwa hivyo kama safari yako inangoja saini ya mtu hamuongei, tuma hiyo meseji leo. Viatu utanunua baadaye.